Udongo wa Kwetu Hupasuka

Bariadi,
9 Septemba 2023

Dada Martha,

Mwangaluka. Natumaini wewe na masista wenzako mko wazima. Huku ni salama, isipokuwa goti la mama limerudia tabia yake: linakataa kanisani, lakini kukiwa na harusi linatembea. Mdogo wetu Shida amejifungua kule Sola, mtoto wa kike, mweusi kama baba, na tayari ana sauti ya kuita ng'ombe. Pamba yangu mwaka huu haikuwa mbaya.

Sasa nikueleze habari ya jineri. Mji umeamua eneo lote la kiwanda kile cha kuchambulia pamba lijengwe upya: soko, stendi ndogo na nyumba za kupangisha. Ramani imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Imepakwa rangi nzuri, na miti imechorwa mahali ambapo hakujawahi kuota mti. Lakini kabla ya kujenga lazima ardhi ipimwe, kwa sababu ya lile ghala la dawa za pamba lililokuwa nyuma ya mashine. Wataalamu wamekuja, na mkubwa wao ni mama mmoja anaitwa Nancy. Nimepata kibarua kwao. Nazungusha keekee ndefu ardhini, natoa udongo, nautia kwenye chupa, nabandika karatasi yenye tarehe na mahali ulipotoka. Unanijua, kuandika tarehe hakunichoshi. Nancy aliona shajara yangu mfukoni akaniuliza, "Novatus, na chakula cha mchana unaandika?" Nikamwambia naandika, nikiwa nimekula.

Nyumba zinazopakana na uzio wa jineri zimeombwa zihame kwa muda. Ya kwetu ni mojawapo. Mama nimempeleka Kiloleli kwa mama mdogo Felisita. Kabla hatujaondoka alikagua bati la jiko kama limekazwa vizuri, akafunga mlango mwenyewe, halafu akaenda uani kumuaga baba kaburini. Alimwambia anakwenda kutibiwa goti. Ufunguo kauvaa shingoni pamoja na rozari.

Usiwe na wasiwasi. Wanapima tu.

Mdogo wako,
Novatus Mabula


Monasterini, Njombe,
8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Novatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya moshi, nikainusa kabla ya kuisoma. Mama Mkuu aliniona akageuka kutazama ukutani, ambayo ni huruma yake.

Mpongeze Shida. Mwambie huyo mtoto nimeshamwombea sauti ipungue kidogo. Huku baridi haijaondoka, asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Kazi yangu bado ni kuoka hostia za misa. Zile zinazokatika vibaya tunakula na chai, na nakiri kwamba siku nyingine mkono wangu hukata vibaya.

Umeandika habari za uani kwetu, nami sijalala vizuri tangu hapo. Unakumbuka siku naondoka? Wewe ulikuwa unahangaika na sanduku. Mama alichota udongo uani, pale kati ya jiko na mtungi, akaufunga kwenye kipande cha kanga yake akanipa. Akasema, "Ukikumbuka kwenu, ushike." Niliuweka kwenye kopo la maziwa, liko kwenye dirisha la jiko, na kila mwaka naotesha kunde chache. Kwa baridi hii hazizai, lakini majani yanatoka. Nayachuma, nayachemsha, nayaanika, napata nsansa ya kujaa kiganja. Masista watatu huila pamoja nami kwa heshima, na nyuso za Ijumaa Kuu.

Udongo wetu ule mweusi ni mkaidi. Ukikosa maji siku mbili unapasuka kama mbuga mwezi wa nane. Mimi huuacha upasuke makusudi. Nasimama pale naangalia nyufa zake. Hiyo ndiyo likizo yangu.

Sasa umepungua, kila nikimwagilia kidogo hutokea chini. Nitumie mwingine, wa palepale uani, kiasi cha kujaza kofia yako. Na uniambie kaburi la baba likoje. Siku ile anazikwa mlitupa udongo wenu wote, mimi nilikuwa huku nyuma ya ukuta. Nimejaribu kulichora kichwani, sijui hata kichwa chake kimeelekea wapi.

Jambo dogo la mwisho. Jiko la mama nililiacha la nyasi. Bati limetoka wapi?

Dada yako anayekuombea,
Martha


Bariadi,
21 Novemba 2023

Dada,

Mwangaluka. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, mvua imekuwa nyingi na barabara ya Maswa ilikatika. Mama anakusalimu. Mama mdogo Felisita anasema mama anamsumbua, anapika kama yuko kwake na kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Kaburi la baba lina mawe kuzunguka na msalaba wa chuma ambao jirani yetu Masalu aliuchomelea. Kichwa kiko upande wa mlango wa jiko, miguu upande wa uzio wa jineri. Ukisimama jikoni unaweza kumsalimia bila kupaza sauti.

Udongo nimeutuma kwa basi, mlinzi wa geti lenu ataupokea. Ni wa nyumbani. Majani ya kunde ya mwaka huu usiyachume, waache masista wapumzike na ule uchungu.

Kuhusu bati la jiko nitakuandikia siku nyingine.

Najua Majilio yanaanza na hamtaandika wala kusoma barua mpaka Noeli. Kwa hiyo Noeli njema mapema.

Novatus


Monasterini, Njombe,
28 Desemba 2023

Novatus,

Heri ya Noeli kwenu nyote. Tumeimba mpaka sauti zimekauka. Nimepewa barua yako na mfuko wako asubuhi ya sikukuu, nikaufungua kwa pupa kama mtoto.

Udongo huu si wa kwetu.

Nimeumwagilia nikauacha siku mbili, leo ya tatu. Haupasuki. Unakauka kimya kimya na kumwagika kama unga. Halafu nimekuta ndani yake gamba la konokono mdogo, mweupe, wa ziwani. Bariadi hatuna ziwa, Novatus. Umechota Kiloleli, nyuma ya nyumba ya mama mdogo, pale tulipokuwa tunaokota magamba kama hayo tukienda kumsalimia.

Wewe unayeandika tarehe hata kwenye gunia la mahindi, umeniandikia "ni wa nyumbani" bila kuniambia wa nyumbani kwa nani. Na umenikataza majani ya kunde kwa mzaha. Huo si mzaha wako, nakujua.

Kuna nini kwetu? Nijibu kabla ya Kwaresima. Siwezi kukaa siku arobaini nyingine sijui.

Martha


Bariadi,
16 Januari 2024

Dada yangu,

Mwangaluka. Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana.

Majibu ya upimaji yalitoka mwezi wa kumi na moja, kabla sijakuandikia ile barua ya mwisho. Kampuni ilipofunga jineri, mapipa na magunia ya dawa iliyopita muda yalibaki ghalani. Ghala lilikuwa zima, halina neno. Halafu mabati yake yakaanza kuondoka, moja moja. Hakuna aliyeyaona yakienda, lakini ukipanda juu ya tenki la maji utaona yalipo, yanang'aa mtaa mzima. Mvua ikaingia, mapipa yakaoza, na maji yakafuata mteremko. Mteremko ule unapita chini ya uzio mpaka uani kwetu. Sumu imekutwa mahali pote nilipotoboa, kuanzia usawa wa miguu ya baba mpaka mtungini.

Sasa unajua na bati la jiko. Mama alilinunua kwa kuku wawili kwa mtu ambaye hakumuuliza amelitoa wapi.

Mama amepimwa hospitali, yuko sawa, tushukuru. Lakini udongo wa juu wote wa upande ule utachimbwa na kupelekwa mbali kufukiwa. Nyumba itabomolewa. Mama atapewa kiwanja kingine mjini akitaka, hataki, anasema bora abaki Kiloleli. Na kaburi la baba lazima lihamishwe.

Nancy alikwenda Kiloleli mwenyewe kumweleza. Nilikuwepo.

"Mama, udongo ule una sumu," alimwambia.

"Nimeishi juu yake tangu naolewa. Sumu gani hiyo inayongoja mtu azeeke?"

"Iliingia baadaye, mama. Hata mzee hapaswi kuachwa pale, mashine zitapita."

Mama alichambua mchele sinia zima. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe una baba?"

"Alishafariki, mama."

"Mlimzika wote?"

"Wote."

"Basi huwezi kunielewa. Mimi mume wangu alizikwa mtoto mmoja hayupo. Nilinyamaza, maana kifo hakipangi tarehe na mtu. Safari hii haraka si ya kifo, ni ya kwenu na soko lenu. Mtamngoja Martha. Simziki mume wangu mara mbili kwa pengo lilelile."

Mama mdogo alijaribu kumwambia masista wa ndani hawatoki. Mama akamjibu, "Ukuta una mlango, Felisita. Aliingilia wapi?"

Hayo ndiyo yaliyonishinda kuandika. Kazi ya kuchimba itaanza mwezi wa tano. Mama asipokubali, wataendelea kwa amri, na baba atabebwa na watu ambao hawakumjua. Sitaki nimwone mama siku hiyo. Omba ruhusa, Martha. Mara moja tu.

Na majani ya kunde usile kabisa.

Novatus


Monasterini, Njombe,
5 Februari 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ahsante kwa kuandika yote.

Niliwaambia wale masista watatu waliokula nsansa yangu. Sista mzee kuliko wote akasema, "Kumbe ndiyo maana ilikuwa chungu." Nikamwambia, Sista, nsansa ni chungu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Tukacheka, kisha hatukucheka. Nimelitoa kopo jikoni, liko nje kwenye banda la kuni. Nikienda kuchukua kuni natazama pembeni.

Sijui kama nimeieleza vizuri hali hii. Mimi nilikubali kutoiona nyumba. Nilikubali nikiwa na akili zangu, na kila mwaka nimekubali tena. Lakini mtu hukubali kutoiona nyumba iliyopo. Nilijua mlango uko upande gani, mtungi uko wapi, jogoo anapanda juu ya nini. Nilikuwa nazunguka humo kichwani wakati wa kuoka, na hakuna kanuni inayokataza hilo. Sasa nikifika uani nakuta shimo.

Kuhusu ruhusa sina la kukuandikia leo.

Nimefunga vijiko vichache vya udongo wa kopo kwenye karatasi hii ya nailoni. Mpe yule Nancy aupime. Kama na huu una sumu nitaumwaga, na nitajua sina tena kwetu.

Jumatano ijayo tunapaka majivu. Utakachoandika nitakisoma Pasaka.

Martha


Bariadi,
20 Machi 2024

Dada,

Naandika nikijua barua hii itakaa kwenye meza ya Mama Mkuu mpaka Pasaka. Basi heri ya Pasaka, Yesu amefufuka, ingawa huku leo ni Jumatano na bado hajafufuka.

Nilimpa Nancy udongo wako. Akaugeuza mkononi. "Siwezi kuuandika kwenye ripoti," alisema. "Umekaa miaka kwenye kopo la maziwa la masista. Hakimu wa kwanza atanicheka." Lakini aliutia kwenye chupa kama mingine, akanipa karatasi ya kubandika. Niliposhika kalamu sikujua niandike mahali gani ulipotoka. Niliandika: uani, kati ya jiko na mtungi.

Uko safi, Martha. Majibu yamekuja wiki hii. Nancy anasema ulichotwa wakati ghala bado lina paa, kabla mvua haijaingia. Akasema pole pole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Basi hivi ndivyo ilivyokuwa." Masista wako wale watatu wanaweza kulala usingizi.

Nilikwenda Kiloleli kumwambia mama. Alikuwa anaanika michembe. Nikamweleza yote, kwamba uani pote pameharibika isipokuwa ule aliokufungia kwenye kanga. Aligeuza vile viazi vyote kimoja kimoja, upande wa pili. Mwishowe akaniuliza, "Kwa hiyo kwangu kulikobaki kuzima ni kule kwake?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Mwandikie aulete."

"Wote?"

"Aliyepo mazikoni hutupa udongo kwa mkono wake. Yeye mkono wake umeushika udongo ule kuliko sisi wote. Ukija, amekuja. Waambie hao watu wa soko wapange siku ya kumleta baba yenu huku."

Ni mara ya kwanza tangu Septemba kumsikia mama akisema siku. Nimekuandikia kama alivyosema.

Novatus


Monasterini, Njombe,
2 Aprili 2024

Novatus,

Amefufuka kweli. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye ngazi.

Mama Mkuu aliniruhusu niende bustanini peke yangu. Nilimwaga kopo lote juu ya kitambaa. Nilichota kwa mkono wa kulia, nikasema maneno ambayo ningemwambia baba siku ile, sikuandikii. Nikauachia juu ya kanga. Nikachota tena mpaka umekwisha. Kwa hiyo ukiufungua usifikiri ni udongo tu wa kwenye mfuko, umeshatupwa tayari. Mwambie mama asiupunguze na asiuongeze.

Kipande cha kanga ni kilekile. Kimefifia, lakini mama atakijua.

Sasa kuhusu ruhusa. Uliniambia niombe, nikanyamaza, nawe hukunisukuma, ahsante. Ungefikiri walinikatalia. Sikuomba, Novatus. Kila siku tangu nipate barua yako ya Januari nilipita mbele ya mlango wa Mama Mkuu nikiwa na maneno tayari mdomoni. Niliogopa wangenipa. Ningefika Bariadi, ningemkuta mama na ufunguo wake shingoni, na nisingerudi huku. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Mwambie mama kama unaona vema. Au usimwambie, atakuwa anajua.

Kopo nimelirudisha dirishani. Nimelijaza ule udongo ulionidanganya nao, wa Kiloleli, pamoja na konokono wake. Baba anahamia huko, na mama yuko huko. Nimeshaotesha kunde. Acha nianze kuuzoea.

Martha


Kiloleli,
11 Mei 2024

Dada Martha,

Mwangaluka. Mtoto wa Shida amesimama. Goti la mama linaendelea. Nakuandikia nikiwa hapa Kiloleli, nimeketi nje kwa mama mdogo, ili nisisahau kitu.

Tulimtoa baba tarehe mbili, asubuhi. Padri alikuwepo. Wataalamu walitupa glavu na viatu vya mpira, Masalu akasema tumefanana na madaktari wa ng'ombe, mama akacheka mbele ya kaburi, nasi tukapata nguvu ya kuchimba. Mama alifungua mlango wa nyumba, akatazama ndani, hakuingia. Akauacha ufunguo mlangoni.

Mazishi yalikuwa hapa, saa nane mchana. Ulipofika wakati wa watoto kutupa udongo, mwenyekiti wa kitongoji aliita majina kwa kufuata umri. Akaanza, "Martha Mabula." Watu wakatazamana. Nilitaka kusema uko mbali. Mama akaitika, "Yupo. Ataanguka wa mwisho." Basi nikatupa mimi, akatupa Shida, wakatupa ndugu wote, kaburi likafukiwa na rundo likasawazishwa. Hapo ndipo mama akafungua kanga. Aliumimina wako juu kabisa, upande wa kichwa, akaubana kwa kiganja kama anakandika ukuta. Ulionekana mweusi sana juu ya mchanga huu wa ziwa. Mwanamke mmoja wa jirani akauliza kama ni mbolea. Mama mdogo akamwambia, "Ni mtoto mkubwa."

Kanga amebaki nayo mama. Ile habari yako ya ruhusa nilimsomea yote. Alisema, "Najua," akaomba nisome tena.

Mvua ilinyesha usiku ule na siku mbili zilizofuata. Tulihofu imekuchukua. Halafu jua likatoka, likawaka wiki nzima. Leo asubuhi mama aliniita kwa sauti, nikakimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amechuchumaa kaburini, goti na yote. Mchanga pande zote ulikuwa umelala kimya, lakini pale upande wa kichwa, kile kipande cheusi chenye ukubwa wa sahani kilikuwa kimepasuka katikati, nyufa tatu, kama mbuga ya kwetu mwezi wa nane.

Mama aliingiza ncha ya kidole kwenye ufa mmoja.

"Amefika," akasema.

Mdogo wako,
Novatus